Maandalizi ya Biashara Yanayoongozwa na Simu: Omena, Dhahabu na Fedha za Kigeni Migori na Homa Bay

Maandalizi ya biashara ya kila siku ni kazi ambayo mchuuzi, dalali au mwekezaji huifanya kabla pesa haijamtoka mkononi: kujua bei ya leo, kuhesabu mtaji, kupima hatari na kuamua mapema kiwango ambacho hatakivuka. Programu ya simu inayoongoza maandalizi hayo huyapanga kuwa maswali yanayojibiwa kwa utaratibu uleule kila siku, kisha huhifadhi majibu ili yalinganishwe na yatakayotokea. Programu hiyo si ubao wa bei, si mkoba wa pesa, wala si jukwaa la kununulia na kuuzia, ingawa mara nyingi hushikamanishwa na vitu hivyo vitatu.

Katika kaunti za Migori na Homa Bay kazi hii huonekana wazi katika biashara tatu zisizofanana: omena wa Ziwa Victoria, dhahabu ya wachimbaji wadogo, na fedha za kigeni ambazo vijana hununua na kuuza kupitia simu. Biashara hizi zinatofautiana kwa mtaji, kwa sheria na hata kwa saa za kazi. Hata hivyo, zote tatu zaweza kupimwa kwa kipimo kimoja. Utaratibu mzuri wa maandalizi ni ule unaoweza kumalizika kwa jibu la "leo sinunui". Ule unaompeleka mtu sokoni kila siku, hata siku ambayo hesabu inakataa, hauandai mtu; unamsukuma tu.

Muundo wa maswali

Maswali ya maandalizi huangukia katika mafungu manne. La kwanza linahusu hali ya nje: bei, mvua, mawimbi, thamani ya dola, habari za kiuchumi zinazotarajiwa. La pili linahusu hali ya mfanyabiashara mwenyewe: ana pesa ngapi za biashara zisizo za karo wala za chama, anadaiwa nini, na kama ana chenji. Fungu la tatu ni la mipaka: bei ya juu kabisa atakayonunua, bei ya chini kabisa atakayouza, hasara atakayoibeba bila kuvunja mtaji. Fungu la nne huja baada ya soko, pale anapoandika alichofanya na kukilinganisha na alichoamua asubuhi.

Programu nyingi hujaa fungu la kwanza kwa sababu ndilo rahisi. Bei huvutwa kutoka kwenye intaneti, hupakwa rangi ya kijani au nyekundu, na mtumiaji huhisi amejiandaa kwa kuitazama tu. Uzito wa jambo uko katika fungu la tatu na la nne, ambako simu haiwezi kujibu kwa niaba ya mtu. Mpaka ulioandikwa saa kumi na mbili asubuhi, akili ikiwa imetulia, hubaki kuwa hoja saa tano wakati muuzaji anapiga kelele na wateja wengine wanasukumana. Ulioshikwa kichwani hulegea.

Chimbuko

Kenya haikuanzia kwenye programu za simu janja. Soko la Mazao ya Kilimo la Kenya, KACE, lilianzishwa mwaka 1997 na baadaye likaanza kutuma bei za mazao kwa ujumbe mfupi. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na kwayo simu ikawa kifaa cha biashara hata kwa mtu asiye na akaunti ya benki. Mwaka 2009 Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, ilianza huduma ya habari za soko la samaki iliyojulikana kama EFMIS: wakusanya takwimu katika fuo na masokoni walituma bei kwenye kituo, na mvuvi au mchuuzi aliweza kuziuliza kwa ujumbe mfupi. Mwaka 2010 wanawake watatu wa Nairobi, Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka, walianzisha M-Farm kwa ajili ya wakulima. Kisha wakaja wale waliohama kutoka kutoa bei hadi kufundisha kwa mazungumzo, kama kampuni ya Arifu, ambayo masomo yake mafupi yalimfikia mkulima na mwenye duka hata kwenye simu ya kawaida.

Safari hiyo ina mwelekeo unaoonekana. Kwanza simu ilijibu swali la mfanyabiashara. Baadaye ikaanza kumuuliza yeye. Hatua hiyo ya pili ndiyo mada ya makala hii.

Omena

Omena, dagaa wa ziwani ambaye wataalamu humwita Rastrineobola argentea, huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta. Siku hizi ni taa za sola na betri. Mwanga huwavuta omena juu, wavu huwazingira, na alfajiri mashua hurudi Litare kisiwani Rusinga, Sindo, Nyandiwa, Sori au Muhuru Bay. Kwa kuwa taa hushindana na mwezi, mavuno hupungua mbalamwezi ikiwa kamili, na wavuvi wengi hupumzika siku hizo. Kalenda ya mwezi, basi, ni sehemu ya maandalizi ya mama wa omena sawa na ilivyo bei ya Kisumu au ya soko la Gikomba, Nairobi. Programu isiyojua tarehe za giza na za mbalamwezi haijui biashara hii.

Jambo la pili ni jua. Omena hununuliwa wabichi kwa karai na huuzwa wakavu kwa gorogoro. Kati ya karai na gorogoro kuna siku moja ya kuanika, na siku hiyo ndiyo inayoamua faida. Jua likiwa kali, omena hukauka wakiwa na rangi ya fedha na hununuliwa kwa chakula cha watu. Mvua ikinyesha wakiwa bado mchangani au kwenye nyavu, hugeuka rangi, huanza kunuka, na huishia kwa wasagaji wa chakula cha kuku kwa bei ya kusikitisha. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa Ziwa Victoria wenye upepo, mawimbi, mvua na radi, na redio za jamii zinazosikika ziwani, kama EK FM ya kisiwa cha Mfangano, huwa njia muhimu ya kuufikisha kwa wasikilizaji. Utabiri huo kwa kawaida husikilizwa na mvuvi, kwa sababu unahusu uhai wake. Mnunuzi naye anauhitaji kwa sababu unahusu mtaji wake.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya siku yoyote. Karai moja inauzwa shilingi 1,500 na ikikauka vizuri inatoa gorogoro 10. Ushuru wa ufuoni, kibarua wa kuanika na usafiri vinakula shilingi 500. Gorogoro ikiuzwa 250, mapato ni 2,500 na faida ni 500. Sasa weka mvua: gorogoro nne zinaharibika na kuuzwa 100 kila moja kwa chakula cha mifugo. Mapato yanashuka hadi 1,900, na faida ya 500 inageuka hasara ya 100. Maana yake ni kwamba siku yenye mawingu mazito, kwa gharama zilezile, karai haifai kununuliwa zaidi ya shilingi 1,400, na hapo mnunuzi anarudi nyumbani bila hasara na bila faida. Akitaka walau 200 kwa jasho lake, mpaka wake ni 1,200. Muuzaji akikataa kushuka, jibu la siku hiyo limepatikana.

Hesabu hii haihitaji elimu kubwa, na kina mama wengi huifanya kwa kichwa kwa kasi inayoshangaza. Wanachokikosa ni nafasi ya kuifanya kabla ya kufika ufuoni. Pale mashua inapogusa mchanga, kuna vurugu ya ndoo na majina yanayoitwa, na anayesitasita hupoteza zamu. Utaratibu wa simu unaouliza usiku uliotangulia, "Kesho kuna mvua? Karai utaishia bei gani? Ukikosa Litare utajaribu wapi?", humpa mtu majibu anayoweza kuyashikilia katika vurugu hiyo.

Hapa lazima jambo zito litajwe. Katika fuo nyingi za ziwa hili kumekuwa na jaboya, desturi ambapo mvuvi humdai mnunuzi mwanamke ngono ili ampe samaki. Wapo wanaodhani taarifa za bei zitaimaliza. Hazitaimaliza. Jaboya hutokana na umiliki: mwenye mashua ni mwanamume, samaki ni wachache, wanunuzi ni wengi. Kikundi cha kina mama wa Nduru Beach, kaunti ya Kisumu, kilianza mwaka 2011 kumiliki mashua zake chenyewe, na hapo ndipo mizani ilipoguswa. Programu ya maandalizi yaweza kusaidia pembeni, kwa kumkumbusha mtu kuwa na ufuo wa pili, makubaliano ya mapema na pesa kamili mkononi. Kuitangaza kama tiba ni kuwadhulumu wanaoteseka.

Samaki wa kufugwa wameleta sura nyingine. Victory Farms, iliyo pwani ya Suba katika kaunti ya Homa Bay, hufuga ngege katika vizimba na kuwauza kupitia matawi kwa wachuuzi wengi wao wakiwa wanawake. Mchuuzi wa huko hununua kwa kilo na kwa daraja la ukubwa, bei inajulikana mapema, na mbalamwezi haina la kusema. Maandalizi yake yanahusu barafu, wateja na mikopo kuliko hali ya ziwa.

Dhahabu

Migori iko juu ya ukanda wa miamba ya kale yenye dhahabu. Mgodi wa Macalder huko Nyatike ulitoa shaba na dhahabu enzi za ukoloni hadi ulipofungwa katika miaka ya 1960, na tangu hapo kazi iko mikononi mwa wachimbaji wadogo, kuanzia Macalder na Osiri hadi Masara, Mikei na Kitere. Mawe hutolewa shimoni, husagwa kwenye krasha, huoshwa juu ya mazulia ya mteremko, na unga wenye dhahabu huchanganywa na zebaki ili punje zishikane. Donge linalopatikana huchomwa, zebaki huruka kama mvuke, hubaki dhahabu yenye vinyweleo kama sifongo. Mvuke huo ni sumu ya ubongo na figo, na hudhuru zaidi watoto na wajawazito. Kenya ilitia saini Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2013, na mradi wa planetGOLD umefanya kazi Migori kuwafundisha wachimbaji njia zisizoitumia. Hakuna utaratibu wa biashara unaostahili heshima ukikaa kimya juu ya hili; swali la "Unachomea wapi, na nani yuko karibu?" linastahili kuwa la kwanza kwenye orodha, mbele ya bei.

Bei yenyewe ina ukoo mrefu. London ilianza kupanga bei ya dhahabu ya dunia Septemba 12, 1919. Tangu Machi 2015 kazi hiyo hufanywa kwa mnada wa kielektroniki mara mbili kwa siku, saa 4:30 asubuhi na saa 9:00 alasiri kwa saa za London. Kwa Macalder, saa hizo ni 6:30 mchana na 11:00 jioni majira ya kiangazi ya Ulaya, na saa 7:30 na 12:00 majira ya baridi. Bei hutajwa kwa dola za Marekani kwa wakia moja ya dhahabu safi. Ilivuka dola 2,000 kwa mara ya kwanza Agosti 2020, ikavuka 3,000 Machi 2025, na kufikia Oktoba mwaka huohuo ilikuwa imepita 4,000.

Kijana mwenye simu anaweza kuiona namba hiyo kwa sekunde chache. Tatizo ni kwamba si bei yake. Kati ya wakia ya London na gramu ya Nyatike kuna hatua nne, na utaratibu mzuri huzipitia moja baada ya nyingine.

Tuseme bei ya dunia ni dola 3,000. Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1035, kwa hiyo gramu moja safi ni dola 96.45. Dola ikiwa shilingi 129, gramu hiyo ni shilingi 12,442. Dhahabu ya shimoni si safi. Hubeba fedha, shaba na mabaki ya zebaki. Ikiwa usafi wake ni asilimia 85, thamani inashuka hadi shilingi 10,576. Hatua ya nne ni gharama na faida ya dalali: usafiri, usafishaji, leseni, hatari ya barabarani, na riba ya pesa alizokopa. Dalali akitoa shilingi 9,800, muuzaji anajua amekatwa shilingi 776 na anaweza kuuliza kwa nini. Akitoa 7,000, muuzaji anajua kwamba hayo si makato ya kawaida.

Hatua ya tatu, ya usafi, ndiyo inayoumiza watu wengi, kwa sababu dalali ndiye anayepima na ndiye anayetaja asilimia. Njia ya kujikinga ni ya kale na haigharimu umeme. Dhahabu safi ina uzito wa gramu 19.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo, ilhali fedha ina gramu 10.5. Kipande kilichoyeyushwa kikipimwa hewani, kisha kikapimwa kikiwa kimening'inizwa ndani ya maji, tofauti ya vipimo viwili huonyesha ujazo wake. Kipande cha gramu 10 cha dhahabu safi hupungukiwa gramu 0.52 majini; kikipungukiwa zaidi, kimechanganyika. Sharti ni moja: kiwe kimeyeyushwa, kwa sababu ile sifongo iliyotoka kuchomwa ina hewa ndani na humdanganya mpimaji. Programu inayoongoza maandalizi ya muuzaji wa dhahabu inaweza kupokea vipimo hivyo viwili na kukadiria usafi. Hiyo ni kazi ya kikokotoo rahisi, na kwa maoni yangu ingemfaa mchimbaji wa Mikei kuliko grafu yoyote ya bei.

Kabla ya hayo yote kuna mizani. Mizani midogo ya betri hupotoka kwa vumbi, kwa upepo na kwa makusudi. Kuweka juu yake kila asubuhi kitu ambacho uzito wake unajulikana, na kuandika ilichosoma, ni hatua ya nusu dakika ambayo wengi huiruka.

Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inawatambua wachimbaji wadogo na inataka kila anayefanya biashara ya madini awe na leseni. Kwa dalali, utaratibu wa siku unapaswa kuwa na risiti: uzito, usafi uliokubaliwa, bei, jina la mwenye shimo. Kumbukumbu hizo zikiwekwa kwa mwaka mzima, zinakuwa ushahidi mbele ya ofisi ya madini na mbele ya benki. Biashara nyingi za dhahabu hufanyika bila karatasi yoyote, na anayepoteza kwanza ni aliyeshika sululu.

Muuzaji naye ana uhuru ambao mama wa omena hana. Dhahabu haiozi. Bei ikiwa chini ya mpaka wake, anaweza kuifunga kitambaani hadi kesho. Kinachomlazimisha kuuza leo huwa ni deni: amekopeshwa chakula na pampu ya maji na mtu yuleyule anayenunua dhahabu yake. Hivyo swali la fungu la pili, "Unadaiwa na nani?", lina uzito mkubwa Nyatike kuliko swali la bei, na ni swali ambalo programu nyingi haziulizi.

Bei ileile, dhahabu isiyoonekana

Kijana wa Rongo au Homa Bay mjini anayefanya biashara ya fedha za kigeni hutazama namba ileile ya London, kwa sababu dhahabu dhidi ya dola ni miongoni mwa jozi zinazopendwa sana kwenye majukwaa hayo. Hanunui gramu yoyote. Anaweka dau juu ya mwendo wa bei, kwa pesa ambazo sehemu kubwa amekopeshwa na kampuni.

Kenya ilitunga kanuni za biashara hii mwaka 2017 chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na leseni ya kwanza ya dalali ilitolewa mwaka 2018 kwa EGM Securities. Kanuni zinaruhusu mteja kushika nafasi yenye thamani ya hadi mara 400 ya pesa zake. Linganisha na Ulaya, ambako mwaka 2018 mamlaka ya masoko ilipunguza uwiano huo hadi mara 30 kwa sarafu kuu na mara 20 kwa dhahabu, baada ya kukuta kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu binafsi hupoteza pesa. Kwanza kabisa, basi, maandalizi ni kuangalia kama kampuni imo kwenye orodha ya Mamlaka. Swali hilo huulizwa mara moja tu, lakini lina thamani kuliko mengine yote.

Loti ya kawaida ya dhahabu ni wakia 100, na kiasi kidogo ambacho majukwaa mengi huruhusu, 0.01 ya loti, ni wakia moja. Bei ikisogea dola moja, akaunti husogea dola moja. Mwenye dola 50 aliyenunua wakia moja anaweza kuona akaunti yake ikifutika kwa mwendo wa dola 50, na katika miaka ya karibuni dhahabu imesogea kiasi hicho ndani ya siku moja mara nyingi. Hesabu hiyo haimo kwenye matangazo. Ikiwekwa kama swali la pili asubuhi, "Bei ikikugeuka dola 20, utabaki na ngapi?", ingewarudisha nyuma wengi kabla hawajabonyeza.

Saa nazo zinahitaji uangalifu. Soko la London huchangamka saa 4 asubuhi kwa saa zetu wakati wa kiangazi cha Ulaya na saa 5 wakati wa baridi. Takwimu za ajira za Marekani, ambazo kwa kawaida hutoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi na huitikisa dhahabu ndani ya sekunde, hutoka saa 9:30 alasiri au saa 10:30 jioni kufuatana na majira. Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Ulaya husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kwa hiyo kuna wiki chache kila mwaka ambapo pengo kati ya London na New York si lile la kawaida, na kengele ya simu iliyotegwa kwa saa ya Nairobi humdanganya mwenye simu kwa saa nzima.

Programu za maandalizi katika biashara hii zimeendelea kuliko za omena au dhahabu: zina kalenda ya habari, nafasi ya kuweka agizo la kusimamisha hasara, na shajara ya kuandika kwa nini uliingia na kwa nini ulitoka. Lakini nyingi hutolewa na kampuni zinazopata pesa kila mteja anapofanya muamala. Orodha ya kampuni kama hiyo haina sababu ya kuishia kwa "leo usiguse". Anayetaka kujiandaa kwa kweli hana budi kutenganisha anayemuuliza maswali na anayemuuzia nafasi, hata kama ni kwa kutumia daftari la shilingi 50.

Isebania

Hata nje ya biashara hizo tatu, mpakani mwa Kenya na Tanzania, kati ya Isebania na Sirari, swali la ziada ni moja: shilingi ya Kenya kwa ya Tanzania. Mnunuzi wa mahindi au maharage aliyeweka mpaka wake kwa sarafu moja tu hugundua jioni kwamba faida ilibaki kwa mbadilisha fedha. Mpaka wa bei uandikwe kwa sarafu zote mbili kabla ya kuvuka.

Ushahidi kwamba maswali hufanya kazi

Watafiti Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson walichapisha mwaka 2014 utafiti juu ya biashara ndogo za magharibi mwa Kenya na jambo linaloonekana dogo mno: chenji. Waligundua kwamba wenye vibanda hupoteza mauzo mara kwa mara kwa kukosa chenji, ama mteja anaondoka, ama muuzaji anafunga meza kwenda kuitafuta kwa jirani. Walipowatembelea kila wiki kuwauliza ni mara ngapi walikosa chenji, wengi walianza kuiweka mapema, na hasara ikapungua. Hawakupewa mkopo wala mafunzo ya siku tatu hotelini. Kuulizwa kwenyewe kulitosha kuwafanya waone. Sijui hoja iliyo bora kuliko hiyo ya kutetea utaratibu wa kila siku.

Jamhuri ya Dominika ilitoa somo linalokaribiana nalo, katika utafiti uliochapishwa mwaka huohuo na Alejandro Drexler, Greg Fischer na Antoinette Schoar: wafanyabiashara wadogo waliofundishwa kanuni chache rahisi, kama kutenganisha pesa za biashara na za nyumbani, waliboresha mambo yao kuliko waliofundishwa uhasibu kamili.

Ushauri huru, usio na utaratibu, una matokeo ya mchanganyiko. Katika jaribio lililofanywa Kenya mwaka 2023 na watafiti wa vyuo vya Marekani, wafanyabiashara 640 walishirikishwa, na baadhi yao wakapewa mshauri wa akili bandia kupitia WhatsApp. Waliokuwa tayari wanafanya vizuri walipanda. Waliokuwa wakihangaika walishuka. Maelezo ya kwanza ya watafiti yalikuwa kwamba hao wa pili waliomba msaada juu ya matatizo magumu zaidi. Natoa hapo funzo kwa watengenezaji wa programu: mtu anayehangaika anafaa kupewa swali dogo lenye jibu la namba, si hotuba ya kumtia moyo.

Mikopo, lugha na kumbukumbu

Fuliza, iliyoanza mwaka 2019, na mikopo mingine ya simu imezoeza watu kwamba programu inayouliza habari za biashara inajiandaa kukopesha. Mara nyingine mkopo unafaa. Lakini swali la mipaka hupoteza nguvu pale jibu la "mtaji hautoshi" linapofuatwa papo hapo na kitufe cha kukopa. Benki Kuu ilianza kuwapa leseni wakopeshaji wa kidijitali kwa kanuni za mwaka 2022, baada ya miaka ya malalamiko ya wadaiwa kuaibishwa kwa kupigiwa simu jamaa zao. Kwa maandalizi ya asubuhi, kitufe hicho hakifai kuwapo kabisa.

Kuhusu lugha, Kiswahili kinaeleweka Migori na Homa Bay, lakini hesabu za ufuoni hufanywa kwa Dholuo, na Kehancha kwa Kikuria. Mama aliyezoea kuhesabu karai na gorogoro kwa lugha ya nyumbani hujibu haraka na kwa uhakika anapoulizwa kwa lugha hiyo, tena kwa sauti, kwa sababu mikono yake ina magamba na macho yake yako kwenye mashua. Simu ya kawaida inatosha kwa hilo: maswali manne kwa sauti usiku, majibu kwa vitufe vya namba.

Majibu hayo yakikusanywa miezi sita yanakuwa mali. Yanaonyesha mtaji, faida, wateja, siku za hasara na wadai wa mtu, na yanaweza kuuzwa kwa mkopeshaji au kwa mnunuzi mkubwa anayetaka kujua mchuuzi ataishia bei gani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mchuuzi haki ya kuambiwa taarifa zake zinatumiwaje, ya kuzipata, ya kudai zilizo na makosa zirekebishwe na zisizostahili kuwekwa zifutwe, na ya kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Mpaka wa bei ambao mama wa Sindo ameuandika usiku haupaswi kufika kwenye simu ya anayemuuzia asubuhi.